Bingwa Aliyekubali Kusikiliza: Funzo la Kifafa Kutoka Milima ya Morogoro

Msafiri aliyeshuka bandarini Dar es Salaam akitokea Visiwani, akaishika njia kuu iendayo Iringa, huipita mbuga ya wanyama ya Mikumi na kuingia katika mji mdogo wenye jina hilo hilo, ndani ya Wilaya ya Kilosa. Hapo Mikumi pana njia panda. Mkono wa kulia barabara inakwenda Kilosa mjini, kwenye Reli ya Kati na kingo za mto Mukondoa. Mkono wa kushoto inateremka Kidatu na Ifakara, inauvuka mto Kilombero, kisha inapanda milima ya Mahenge, nchi ya Wapogoro. Wengi wetu tunapopita pale macho yetu huwa kwa tembo na twiga. Ni wachache wanaojua kwamba njia ile ya kushoto imebeba habari kubwa katika elimu ya ubongo, habari iliyoanzia katika Mkoa wa Morogoro ikafika Kampala, Zürich na Vancouver, na ambayo hadi leo inawadai jibu wale wote wenye dhamana ya siha ya wananchi.

Habari yenyewe inahusu kifafa, na inamhusu tabibu mmoja mwanamke, Louise Aall, mzaliwa wa Norway, ambaye baadaye alijulikana duniani kwa jina la Louise Jilek-Aall. Baada ya kusomea udaktari na kupata mafunzo ya maradhi ya nchi za joto katika mji wa Basel, Uswisi, alifika Tanganyika mwaka 1959, wakati Waswisi walikuwa wamekwisha fungua kituo cha utafiti Ifakara. Alikuwa kijana, hana cheo kikubwa, wala hakuletwa kuchunguza kifafa. Lakini alipopanda Mahenge aliona jambo ambalo vitabu vyake havikumwandaa kulikuta. Aliona watu wenye makovu ya moto usoni na mikononi, watu waliotengwa na jamaa zao, wanaolala peke yao na kulia katika vyombo vyao peke yao. Alipouliza, aliambiwa kwamba hao wana kifafa, na kwamba povu litokalo kinywani mwa mgonjwa wakati wa kuanguka linaambukiza. Kwa sababu hiyo mgonjwa akiangukia jikoni, hofu iliwazuia hata wampendao wasimvute kutoka motoni.

Tabibu mwingine angeweza kuandika katika daftari lake kwamba watu hawa wamejaa ushirikina, akaondoka zake. Huyu aliketi, akasikiliza. Na kwa kusikiliza akapata jambo ambalo hakuna kipimo cha wakati ule kingeweza kumpa. Wazazi wa Mahenge walimweleza kwamba wapo watoto ambao, kabla ya kuanza kuanguka, huinamisha kichwa mara kwa mara kama mtu anayeshikwa na usingizi. Kichwa hushuka, huinuka, hushuka tena. Mtoto huacha kula, macho yakatazama mbali. Kisha hali hiyo hupita. Wenyeji walikuwa na msemo wao kwa hali hiyo. Walisema mtoto amesinzia kichwa, na walijua kwamba anayesinzia kichwa leo huenda akaanguka kifafa kesho. Mwaka 1965 Jilek-Aall alichapisha maelezo hayo katika jarida la maradhi ya akili la nchi za Skandinavia, katika makala yenye kurasa karibu 30 juu ya kifafa miongoni mwa Wapogoro.

Hapa, ndugu msomaji, inafaa tusimame kidogo. Heshima ya bingwa huyu haipungui hata chembe tukisema kwamba ugunduzi ule ulikuwa wa watu wawili. Mama wa Kipogoro aliyekuwa akimtazama mwanawe wakati wa kula alikuwa amekwisha kuuona ugonjwa, ameupa jina, na ameifahamu hatima yake. Bingwa aliyaamini maneno ya mama huyo, akayaweka katika lugha ambayo mabingwa wenzake wangeisoma. Mmoja bila ya mwingine asingefika mbali.

Lakini Jilek-Aall hakutosheka na kuandika. Alifungua kliniki ya kifafa pale Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaanza kutoa dawa ya fenobabitoni, dawa ya bei nafuu ambayo ilikuwa ikijulikana tangu mwaka 1912 kwamba inazuia kifafa. Watu waliokuwa wakianguka mara kwa mara walipata nafuu. Maisha yakampeleka mbali: alitoa huduma nchini Kongo wakati wa machafuko ya mwaka 1960, akafanya kazi na Albert Schweitzer katika hospitali ya Lambaréné, nchini Gabon, akajifunza ubingwa wa maradhi ya akili Zürich, na hatimaye akahamia Kanada, ambako alikuja kuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha British Columbia mjini Vancouver. Hata hivyo hakuwaacha wagonjwa wake. Alirudi Mahenge tena na tena kwa miongo kadhaa, na mwaka 1979 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya kifafa cha milima ile na uwezekano wa kurithiwa katika ukoo.

Kazi yake iliyo nzito kupita zote, kwa maoni yetu, ndiyo inayotajwa kidogo zaidi. Mwaka 1992, akishirikiana na Dakta Henry Rwiza, bingwa wa Kitanzania wa mishipa ya fahamu, alitoa hesabu ya wagonjwa 164 waliopata kutibiwa katika kliniki ya Mahenge miaka 30 nyuma. Walitafutwa kijiji kwa kijiji. Wagonjwa 110 walikutwa wamekwisha kufa. Waliokuwa hai walikuwa 36. Waliosalia 18 hawakupatikana. Zaidi ya nusu ya vifo vile vilitokana na kifafa chenyewe: degedege lisilokatika, kuzama majini, kuungua moto, au kufa wakati wa kuanguka au mara baada yake. Watu hawa walikufa kwa kiwango maradufu ya wenzao wa umri wao katika vijiji vya Tanzania.

Bingwa mwenye kupenda sifa angeweza kuandika juu ya wale waliopona tu. Kuwatafuta wafu wako mwenyewe baada ya miaka 30, ukawahesabu na kuitangaza hesabu hiyo mbele ya dunia, ni jambo linalotaka moyo. Na ndani ya hesabu hiyo limo funzo kwa kila mwenye mamlaka. Dawa ya kifafa haifanani na dawa ya homa, ambayo mtu humeza siku kadhaa akamaliza. Humezwa kila siku, kwa miaka mingi. Ikikatika ghafla, mgonjwa harudi tu katika hali aliyokuwa nayo mwanzo. Aweza kupatwa na degedege lisilokatika, likamwua usiku huo huo. Kwa hiyo kuanzisha matibabu ya kifafa ni kufunga ahadi, na ahadi hiyo ikivunjwa hulipwa kwa roho ya mtu.

Mwaka huo huo wa 1992, Dakta Rwiza na mabingwa wenzake wa Muhimbili, akiwamo Dakta Gad Kilonzo, walitoa matokeo ya uchunguzi wa Wilaya ya Ulanga uliohusu watu zaidi ya 18,000. Walikuta watu 10 katika kila 1,000 wana kifafa, na katika kijiji kimojawapo walifika 37 katika kila 1,000. Mwaka uliofuata walieleza fikra za wananchi: karibu watu 4 katika kila 10 waliohojiwa waliamini kwamba kifafa huambukizwa kwa kumgusa mgonjwa, kwa pumzi yake, au kwa kula naye pamoja. Kwa njia hii mbegu iliyopandwa na mgeni ilikwisha kuota katika udongo wa nyumbani, na mabingwa wa Tanzania wakawa ndio wenye kuuliza na kujibu.

Dunia, hata hivyo, ilichelewa kusikia. Kusinzia kichwa kulibaki habari ya milima ya Mahenge mpaka watoto wa Sudan ya Kusini, na baadaye maelfu ya watoto wa wilaya za Kitgum, Pader na Lamwo kaskazini ya Uganda, walipoanza kuinamisha vichwa vyao vivyo hivyo. Wakati huo ndipo mabingwa walipofunua majarida ya zamani na kuikuta makala ya mwaka 1965. Mwaka 2008 Andrea Winkler, bingwa wa mishipa ya fahamu kutoka Ulaya, pamoja na Jilek-Aall mwenyewe, William Matuja wa Muhimbili na wenzao, walichapisha uchunguzi mpya kutoka Mahenge, safari hii wakitumia mashine za kupiga picha ubongo. Mwaka 2012 mabingwa wa nchi mbalimbali walikutana Kampala kulizungumzia jambo hilo hilo. Takribani nusu karne ilikuwa imepita tangu mama wa Kipogoro alipoulizwa, akajibu.

Ni nini basi kinachowasinzisha watoto? Vidole vya wengi vinaelekezwa kwenye usubi. Usubi ni inzi mdogo mweusi ambaye hutaga mayai katika mito iendayo kasi, na anapomwuma mtu humwachia vijidudu vya mnyoo. Minyoo mikubwa hukaa chini ya ngozi kwa miaka kumi na zaidi, ikizaa vijidudu visivyohesabika vinavyoleta mwasho, kuharibika kwa ngozi na hatimaye upofu. Kila mahali kusinzia kichwa kulikoonekana, usubi ulikuwapo. Mwaka 2018 mabingwa waliochunguza bonde la mto Mbam nchini Kamerun walionyesha kwamba watoto waliokuwa na vijidudu vingi zaidi mwilini mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndio walioshikwa na kifafa zaidi miaka iliyofuata. Namna mnyoo huyo anavyoudhuru ubongo bado ni mjadala, kwa kuwa uchunguzi wa Mahenge wa mwaka 2008 haukumkuta katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na wapo wanaodhani kwamba kinga ya mwili inayopigana na mnyoo hugeuka na kuushambulia ubongo wenyewe. Lakini mjadala huo hauzuii kazi, kwa sababu dawa ya usubi ipo.

Dawa hiyo ni ivamektini, ambayo mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kuitoa bure kwa ajili ya maradhi haya, na ambayo iliwapatia William Campbell na Satoshi Ōmura Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mahenge ilianza kugawiwa dawa hiyo mwaka 1997. Hata hivyo, miaka 20 baadaye, mabingwa wakiongozwa na Bruno Mmbando wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu walipowachunguza zaidi ya watu 5,000 wa milima ile, waliwakuta wenye kifafa ni asilimia 2.5, na katika vijiji vya ndani zaidi asilimia 3.5. Ivamektini huua vijidudu lakini haimmalizi mnyoo mzazi, kwa hiyo kila anayekosa dozi hubaki kuwa ghala la ugonjwa. Kutoka mwaka 2019 ugawaji pale ukafanywa mara mbili kwa mwaka, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba wagonjwa wapya wa kifafa walipungua sana. Hapa ndipo tunapoona thamani ya safari yote ile. Maneno ya mama yaliandikwa na tabibu, maandishi ya tabibu yakasomwa na mabingwa, na mwisho wake ni mtoto wa Mahenge ambaye hatasinzia kichwa.

Sasa turudi kwenye njia panda ya Mikumi, tuitazame ile barabara ya kulia. Wilaya ya Kilosa nayo imo katika orodha ya maeneo ya usubi nchini Tanzania, pamoja na Ulanga, sehemu za Tanga, Ruvuma na Tukuyu. Mito iendayo kasi kutoka milima ya Rubeho na Ukaguru ni makazi mazuri kwa inzi yule yule. Kwa muda mrefu tumezoea kuuhesabu usubi kwa macho yaliyopofuka na ngozi zilizoharibika. Mahenge imetufundisha kuuhesabu pia kwa watoto wanaoanguka. Hivyo ni haki ya mwananchi wa Kilosa kwamba mgawa dawa anapopita nyumba kwa nyumba aulize na swali la pili: je, yupo humu mtoto anayesinzia kichwa au anayeanguka? Swali hilo halina gharama, na jibu lake likiandikwa katika daftari la zahanati, wilaya itajua inahitaji vidonge vingapi vya fenobabitoni kwa mwaka, badala ya kukisia.

Msomaji wa Unguja, Pemba au Mafia huenda akauliza: haya ya milima ya bara yananihusu nini, nami sina mito iendayo kasi wala usubi? Yanamhusu sana. Dawa ya ivamektini si ngeni Visiwani, kwani mwaka 2001 wananchi wa Unguja na Pemba walianza kugawiwa dawa hiyo pamoja na albendazoli ili kuyatokomeza matende, na ni wao walioionyesha Afrika kwamba kisiwa kizima kinaweza kumeza dawa kwa siku moja. Tena kifafa hakina njia moja tu ya kuingia. Huletwa na mtoto kuumia au kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, na malaria iliyopanda kichwani, na homa ya uti wa mgongo, na jeraha la kichwa. Yote hayo yapo Visiwani kama yalivyo bara.

Na yapo pia yale yale yaliyomkuta Jilek-Aall milimani. Nani kati yetu hajasikia kijana akiangushwa na kifafa, na watu wakasema ni jini au shetani? Nani hajaona binti akiachishwa skuli, akafichwa chumbani ili posa ya dada yake isiharibike? Mvuvi mwenye kifafa akianguka ndani ya ngalawa mbali na pwani, mwisho wake ni ule ule wa mtu wa Mahenge aliyezama mtoni. Hatusemi watu waache kuomba dua, kwani dua ni haki ya kila mja. Tunachosema ni kwamba dua haijapata kumkataza mtu kumeza kidonge, na kwamba kifafa hakiambukizi kwa povu, kwa pumzi wala kwa sahani. Mtu akianguka, mwondoe penye moto na maji, mlaze ubavu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, usimtie chochote kinywani, ukae naye mpaka azinduke. Na degedege likizidi dakika tano, mkimbize hospitali. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa kifafa usemi huo umethibitishwa kwa hesabu ya watu 110.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba watu kiasi cha milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba 7 katika kila 10 miongoni mwao wangeweza kuishi bila ya kuanguka kama wangetibiwa ipasavyo. Katika nchi maskini, watu 3 katika kila 4 hawapati matibabu wanayoyahitaji. Mwaka 2022 mataifa yaliyomo katika shirika hilo yalipitisha mpango wa pamoja wa kupambana na maradhi ya ubongo na mishipa ya fahamu hadi mwaka 2031. Azimio ni jambo jema, lakini mgonjwa hamezi azimio. Humeza kidonge, na kidonge hicho hana budi akikute zahanati siku ile ile aliyoambiwa arudi, iwe ni masika na barabara imekatika, au ni kaskazi na boti haikuvuka.

Kwa hiyo rai yetu kwa viongozi, wa bara na wa Visiwani, si kubwa wala haihitaji majumba mapya. Fenobabitoni ihesabiwe miongoni mwa dawa ambazo kuisha kwake katika zahanati ni jambo la kutolewa maelezo, kama inavyotolewa maelezo fedha ya Serikali inapopungua sandukuni. Wauguzi wa vijijini wafundishwe kukitambua kifafa na kumfuatilia mgonjwa nyumbani anapokosa kurudi. Walimu nao waelezwe kwamba mtoto anayeinamisha kichwa darasani huenda si mvivu, bali ni mgonjwa.

Huwa tunapima ukubwa wa bingwa kwa idadi ya makala zake na jinsi wenzake wanavyomtaja. Kwa kipimo hicho Louise Jilek-Aall hana deni, kwa kuwa hakuna atakayeandika juu ya kusinzia kichwa bila ya kuanzia Mahenge. Lakini kipo kipimo kingine, ambacho yeye mwenyewe alijipima nacho alipowahesabu wafu wake. Nacho ni hiki: baada ya bingwa kuondoka, je, mgonjwa bado anapata dawa yake? Swali hilo haliko tena mikononi mwa tabibu kutoka Norway. Liko mikononi mwetu, na mama aliyetoa jawabu lake zaidi ya miaka 60 iliyopita angali anangoja tutoe la kwetu.